Toba ya Mtoto Aliyenunuliwa

Nani alimchagulia dini mtoto aliyenunuliwa sokoni Mkunazini, Unguja? Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka bahari kutoka Unguja wakaanzisha misheni Bagamoyo. Pembeni yake kikasimama kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na wengi wao walikuwa watoto. Walinunuliwa kwa fedha katika soko la Unguja, ambalo wakati huo lilikuwa bado halijafungwa. Sehemu ya fedha hizo ilichangwa na watoto wenzao wa Ulaya kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoasisiwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Mtoto aliyenunuliwa alivishwa, akalishwa, akafundishwa katekisimu na kazi za mikono, akabatizwa. Alipopevuka aliozwa mwenzake wa hapohapo misheni, wakapewa nyumba na shamba, na siku zao zikaendelea kwa mlio wa kengele.

Ukristo haumpokei mtu bila toba. Basi huyu alitubu lini? Na alitubu nini? Alikuwa ametendwa kuliko alivyotenda. Aliyemwuza hakuulizwa neno. Aliyeuzwa ndiye aliyefundishwa kujipiga kifua na kusema amekosa.

Nimelipeleka swali Bagamoyo kwa makusudi, kwa sababu makanisani mwetu ubishi wa kama toba ni uamuzi wa mtu au ni zawadi ya Mungu huendeshwa kwa kurushiana aya, na aya zipo za kutosha pande zote. Ezekieli katika sura ya 18 anawaamuru Waisraeli wajifanyie moyo mpya. Katika sura ya 36 Mungu wa nabii huyohuyo anaahidi kuwapa moyo huo yeye mwenyewe. Petro, siku ya Pentekoste, anawaambia watu watubu kana kwamba jambo lote liko mikononi mwao. Sura tatu baadaye amesimama mbele ya baraza linalotaka kumnyamazisha, naye anasema Kristo ametukuzwa ili awape Israeli toba. Paulo anawaandikia Warumi kwamba wema wa Mungu ndio unaomvuta mtu atubu. Anayetaka kushinda ubishi hatakosa silaha. Anayetaka kuelewa itambidi awatazame watu.

Na watu wa kijiji kile tunawajua kwa kiasi. Paul Kollman, padre na mwanahistoria wa Kimarekani, alichapisha mwaka 2005 kitabu kuhusu uinjilishaji wa watumwa na chimbuko la Ukatoliki Afrika Mashariki. Alizipekua kumbukumbu na barua za wamisionari wenyewe, na humo Bagamoyo haionekani kama picha tunayochorewa kwenye kalenda za parokia. Wapo waliotoroka. Wapo walionung'unikia kazi na masharti. Wapo pia waliobaki, wakaoana, wakatumwa bara kwenda kuanzisha vijiji vya Kikristo kama kile cha Mhonda, mwaka 1877, na imani yao ikawa mbegu ya makanisa yanayosimama hadi leo. Wote walikombolewa kwa fedha zilezile, wakalishwa chakula kilekile, wakaamshwa na kengele ileile. Mmoja akaondoka usiku. Mwingine akabaki, akasali hata pale ambapo hapakuwa na padre wa kumwona.

Mmisionari alikuwa na uwezo mkubwa juu ya mwili wa mtoto yule. Aliweza kumtoa sokoni, kumvisha, kumwamsha, hata kumtafutia mchumba. Juu ya moyo wake alikuwa maskini kama sisi sote. Wala simsemi vibaya aliyetoroka: mtu aliyenunuliwa mara mbili ana haki ya kuwashuku wanunuzi wote, hata wema. Nataka tu kusema kwamba yule aliyebaki akasali hawezi kuelezwa kwa hesabu ya malezi peke yake, maana malezi yalikuwa ya wote. Na hawezi kuelezwa kwa hesabu ya uamuzi peke yake pia, maana karibu kila uamuzi mkubwa wa maisha yake ulifanywa na watu wengine. Kuna kilichomfikia ambacho hakukitafuta, naye akakiitikia.

Mimi nasimama hapo. Toba huanzia kwa Mungu. Uamuzi wa mtu ni wa kweli, una uzito na una gharama, ila unakuja wa pili. Tukiugeuza mpangilio huo tunawaumiza watu, nami nitaeleza tunavyowaumiza. Kwanza niseme kwa nini naamini hivyo.

Mtu hawezi kutubu dhambi asiyoiona, na kuona hakuamuliwi. Hili ndilo jambo ambalo wanaosema toba ni uamuzi mtupu huliruka. Wanaanzia pale ambapo mtu ameshajijua kuwa amekosa, halafu wanauliza: je, atageuka au hatageuka? Lakini safari ndefu iko kabla ya hapo. John Newton, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye meli za watumwa, alimlilia Mungu katikati ya dhoruba mwaka 1748, na mwenyewe akaihesabu siku ile kuwa mwanzo wa kuokoka kwake. Baada ya hapo aliendelea na biashara ya watumwa hadi 1754, akawa nahodha, huku akisali. Kijitabu chake cha kuilaani biashara hiyo kilitoka mwaka 1788. Miaka arobaini! Hakuwa mnafiki, kwa kadiri ninavyomsoma. Alikuwa ametubia kila alichokiona, na watu waliofungwa minyororo chini ya sakafu ya meli yake hawakuwamo katika alichokiona.

Huku kwetu tunaye Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye misafara yake ya pembe na watu ilifika hadi Kongo ya mashariki. Kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905 aliandika maisha yake kwa Kiswahili safi, na kitabu hicho ni hazina ya lugha na ya historia. Humo anasimulia vita, njaa, biashara na ujanja, kwa utulivu wa mtu anayehesabu mali. Majuto sikuyaona. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi, mwenye wasaa, mwenye kalamu, aliyefika uzeeni salama. Kama toba ni jambo la kuamua tu, hakuna aliyekuwa na nafasi nzuri ya kuamua kuliko yeye. Simhukumu roho yake. Mungu ndiye amjuaye. Nasema tu kwamba akili, wasaa na kalamu havikutosha kumwonyesha.

Wamisionari nao hawakuona yote. Waliona ubaya wa minyororo na hawakuona ubaya wa kumpangia mtu huru maisha yake yote. Sisi tunauona kwa urahisi leo, na haraka tunajihesabia haki. Ni nani aliyetufumbua macho? Tulizaliwa tu baada yao. Najiuliza mara nyingi wajukuu zetu wataona nini kwetu ambacho sisi, pamoja na ibada zetu zote, tunakipita kila siku barabarani.

Ubishi huu kanisani ni wa zamani, na Waafrika tulikuwamo tangu mwanzo. Mtakatifu Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliandika katika Maungamo yake sala ya kumwomba Mungu atoe kwanza kile anachokiamuru, halafu aamuru apendavyo. Pelagius, mtawa kutoka Uingereza aliyekuwa akifundisha Roma, alichukizwa sana na sala ile. Aliona inawapa wavivu mahali pa kujificha. Mungu akiamuru, alisema Pelagius, basi mtu anaweza. Vinginevyo amri ni dhuluma. Namheshimu Pelagius kuliko wanavyomheshimu wengi, kwa sababu alikuwa akipigana na ulegevu halisi wa Wakristo halisi. Lakini Agostino alikuwa ameujua moyo wake kwa ndani. Miaka mingi alitaka kugeuka na hakugeuka, akitaka na kutotaka kwa wakati mmoja, hadi siku ile ya mwaka 386 katika bustani huko Milano. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago mwaka 418 wakayapinga mafundisho ya Pelagius. Mtaguso wa Orange, Ufaransa, mwaka 529, ukasema hata ile hamu ya kwanza ya kuamini ni kazi ya neema.

Karne ya 16 mwanazuoni Erasmus na mwanamageuzi Luther walivaana kuhusu jambo hilohilo, na Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ukafundisha kwamba Mungu hutangulia bila mastahili yoyote ya mtu, naye mtu hukubali au hukataa. Tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, wakikiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema. Nalitaja kwa sababu wengi wetu tunadhani ugomvi huu unawatenganisha Wakatoliki na Waprotestanti. Kwa sehemu kubwa hauwatenganishi tena. Leo mstari unapita mahali pengine, na ukitaka kuuona panda daladala pale Mwenge, Dar es Salaam, uelekee kaskazini.

Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mwenge kupita Tegeta, Bunju, Mapinga hadi Kerege, imejaa makanisa. Mengine ni makubwa, mengine ni turubai na viti vya plastiki. Viwanja vya Tanganyika Packers pale Kawe vimeshuhudia mikutano ya injili ya kila namna. Mwisho wa mahubiri kwaya inaimba kwa sauti ya chini, mhubiri anawaomba watu wafumbe macho, anayetaka kuokoka anyooshe mkono, aje mbele, afuatishe sala ya toba. Wasaidizi wanaandika majina na namba za simu. Siku ya pili tunatangaziwa idadi.

Sibezi mikutano hii. Najua watu waliotoka humo wamebadilika, wakarudi kwa wake zao, wakalipa madeni. Mkono ulionyooshwa mbele za watu ni ushujaa, hasa kwa mwanamume wa pwani ambaye kesho atakutana na walewale kijiweni. Hata hivyo namna hii ya kuita watu ina asili yake, na asili hiyo inafaa kujulikana. Charles Finney, mhubiri wa Marekani, ndiye aliyeieneza sana desturi ya kuwatenga wenye kusumbuka dhamiri kwenye viti vya mbele, kule New York miaka ya 1830. Alifundisha wazi kwamba mwenye dhambi anao uwezo wa kutubu muda wowote, na kwamba uamsho ni matokeo ya kutumia njia sahihi. Ukiamini hivyo, ni haki kuhesabu. Ukiamini hivyo, ni haki pia kumlaumu asiyebadilika: alipewa nafasi, hakuamua vya kutosha.

Hapa ndipo tunapoumiza watu.

Pwani hii ina vijana wengi walioharibiwa na unga. Heroini imekuwa ikipita katika bandari zetu kwa miongo kadhaa, na sehemu yake hubaki. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu, na nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba, zimefunguliwa Dar es Salaam, Bagamoyo, Unguja na kwingineko. Nimewasikiliza vijana waliopita humo. Karibu wote walishawahi kunyoosha mkono kwenye mkutano, na wengine zaidi ya mara moja. Walilia kwa dhati. Walitupa walichokuwa nacho mfukoni. Baada ya siku mbili arosto ikawashika, mifupa ikauma, tumbo likageuka, nao wakarudi kijiweni. Kilichowamaliza hakikuwa kuanguka kwenyewe. Waliambiwa, na mama zao wakaambiwa, kwamba hawakuwa wameamua kweli.

Mtu hawezi kuwa ameamua kuliko teja anayeamua asubuhi. Tatizo lake halijawahi kuwa uhaba wa maamuzi.

Mpango wa hatua kumi na mbili unaotumika katika nyumba nyingi za namna hii ulianzia kwa walevi wa Marekani, chama kilichoundwa Akron, Ohio, mwaka 1935. Hatua ya kwanza ni kukiri kwamba huna nguvu juu ya kilevi. Ya pili ni kuamini kwamba iko nguvu iliyo kuu kuliko wewe inayoweza kukurudishia akili zako. Uamuzi unakuja katika hatua ya tatu, na hata hapo ni uamuzi wa kujikabidhi. Baada yake ndipo kazi ngumu inaanza: kuyaandika makosa yako bila kujipendelea, kuwaorodhesha uliowaumiza, kuwaendea mmojammoja na kurekebisha panaporekebishika. Sijakuta mahubiri yanayoipanga toba vizuri kuliko hivi. Mpangilio ni wa Agostino: kushindwa, kupokea, halafu kutenda kwa nguvu zote. Na ninaposema kupokea sijali kama kilichopokewa kimekuja kwa maombi au kwa kikombe cha methadoni anachokunywa mbele ya muuguzi kila asubuhi. Anayemwambia mraibu aache dozi ili athibitishe imani yake anamfanyia ukatili kwa jina la Mungu.

Najua jibu litakalotolewa, nalo ni zito, hasa huku pwani ambako neno la kila jambo gumu ni Mungu akipenda. Tukisema toba ni zawadi, si tutampa kila mtu kisingizio? Mume anayempiga mke atasema Mungu hajamjalia kubadilika. Mla rushwa atasubiri neema huku akijenga ghorofa. Hili ni swali la Pelagius lenyewe, na halijibiwi kwa kulipuuza.

Jibu langu ni kwamba kuacha na kutubu ni mambo mawili, na kuacha hakusubiri zawadi yoyote. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa mwaka 1873 kwa sababu Uingereza, kupitia balozi wake John Kirk, ilitishia kuizingira Unguja kwa manowari. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Wenye watumwa hawakuombwa waguswe moyoni kwanza. Walilazimishwa, na ilikuwa haki kuwalazimisha. Mume anayepiga azuiwe leo, na polisi ikibidi, na wazee wa kanisa wasimrudishe mke nyumbani eti mume amesali sala ya toba Jumapili. Sheria ina kazi yake na haihitaji kungoja moyo. Ila tusidanganyike kwamba ikimaliza kazi yake moyo umegeuka. Pwani nzima iliacha utumwa, na dharau iliyouzaa utumwa ikaendelea kuishi katika majina tuliyowaita watu, katika nani anaoa wapi, katika nani anaulizwa ukoo wake. Manowari hazikuifikia dharau hiyo.

Na zawadi ikifika kweli haimwachi mtu akiwa amekaa. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, kwa watu kama Simeoni Nsibambi, Blasio Kigozi na daktari Joe Church, ulienea Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika. Walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, walisema waziwazi kwamba wametembelewa. Hawakujisifu kwamba wameamua. Lakini waliotembelewa walirudisha mali walizoiba, walikiri mbele ya wake zao, walikwenda kwa adui zao kuomba radhi. Walitia chumvi mara nyingine, na maungamo yale ya hadharani yaliwaumiza baadhi ya watu wasiohusika. Pamoja na hayo, huwezi kusema fundisho la zawadi liliwafanya wazembe. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977, Kivengere aliikimbia Uganda, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin, mtawala aliyemkimbia. Kitu kama hicho mtu hajipi.

Majirani zetu Waislamu, ambao Bagamoyo ndio wengi, wanalijua jambo hili kwa njia yao. Surat at-Tawba, aya ya 118, inawasimulia watu watatu waliobaki nyuma hadi dunia ikawawia finyu, na inasema Mungu aliwarejea wao ili nao wapate kurejea kwake. Aliyetangulia kurejea ni Mungu. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa, naye akaja kuwa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 1931. Naye alinunuliwa bila kuulizwa, kama mtoto wa misheni, akaishi katika mji uleule. Hakuna aliyewahi kunishawishi kwamba ucha Mungu wa mtu yule ulikuwa mali ya bwana wake kwa kuwa bwana ndiye aliyemleta.

Limebaki swali ambalo siwezi kulikwepa, nalo huulizwa na mama wa mraibu. Kama ni zawadi, mbona mwanangu hajapewa? Agostino uzeeni alifika mahali pa kusema Mungu huchagua baadhi na kuwaacha wengine, na sinodi ya Dort, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, ikalipanga fundisho hilo kwa ukali zaidi. Mimi naishia kabla ya hapo. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unasema Mungu anataka watu wote waokolewe, na siwezi kumwambia mama yeyote kwamba wa kwake hamo. Siwezi pia kumwambia kwamba mwanawe hajaamua tu, kwa sababu hilo ni uongo, na ameshaambiwa sana. Ninachoweza kumwonyesha ni kwamba katika Maandiko zawadi hii mara nyingi hupitia kwa mtu. Daudi hakuiona dhambi yake mpaka Nathani alipoingia na kumsimulia habari za kondoo wa maskini. Monika, mama yake Agostino, alimlilia mwanawe miaka mingi, akamfuata hadi Milano.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, mapadre na wainjilisti wa barabara ya Bagamoyo jambo moja linalowezekana. Acheni kutangaza idadi. Wale vijana walioandikisha majina, wafuateni kwenye soba na kliniki, mkae nao wakati wa arosto, na mziambie familia zao ukweli kwamba kurudia ni sehemu ya ugonjwa. Kijana akija mbele mara ya nne, apokewe vilevile alivyopokewa mara ya kwanza, na asiulizwe mbele za watu kwa nini ile ya tatu haikushika.